Kutoka Mnarani hadi Mkononi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Upanuzi wa Intaneti na Udhibiti wa Mawasiliano Tanzania

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wakazi wa Dar es Salaam, ambao wengi wao wana wazazi, shamba au biashara mikoani na kwa hiyo wanaulizia mtandao wa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Nani anasimamia mawasiliano nchini, na mamlaka yake yanaishia wapi?

Msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kwa kuunganisha tume mbili za awali, moja ya mawasiliano na nyingine ya utangazaji. Wakazi wa jiji wanaifahamu kwa jengo lake la Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Mamlaka hutoa leseni, hugawa masafa na namba za simu, hupima ubora wa huduma, husimamia bei na husikiliza malalamiko. Nguvu zake nyingi za kila siku zinatokana na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Sera ya nchi hutungwa na wizara yenye dhamana ya mawasiliano, wala si kazi ya Mamlaka. Kupeleka huduma mahali pasipo na faida ya kibiashara ni jukumu la chombo cha tatu, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaoelezwa katika swali la 5. Mwananchi anayejua mgawanyo huu huepuka kupeleka barua ya kuomba mnara kwenye ofisi isiyojenga minara.

Tangu mwaka 2005 leseni zimegawanywa katika makundi manne: miundombinu, huduma za mtandao, huduma tumizi (yaani zile anazouziwa mtumiaji, kama intaneti) na maudhui. Kutokana na mgawanyo huo, kampuni inaweza kumiliki minara au faiba bila kuuza hata laini moja, na nyingine ikauza huduma juu ya miundombinu ya mwenzake.

2. Tunaambiwa karibu kila mahali pana mtandao. Mbona watu wengi bado hawatumii intaneti?

Kwa sababu takwimu ya eneo lililofikiwa na mawimbi inajibu swali tofauti na takwimu ya watu wanaotumia. Ya kwanza hueleza kama mawimbi yanafika pale mtu anapoishi. Ya pili hutaka kujua kama mtu huyo ana simu inayoweza kuyapokea, umeme wa kuichaji, fedha ya kununua bando, ujuzi wa kuitumia, na jambo la maana la kulifuata huko, katika lugha anayoielewa.

Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU) lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 2.6 duniani walikuwa nje ya intaneti. Walio wengi kati yao wanaishi mahali ambapo mawimbi ya intaneti ya simu tayari yapo. Kwa hiyo tatizo kubwa limekwisha kuvuka mnara. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunaona kwamba udhibiti unaojisifu kwa idadi ya minara peke yake umeacha nusu ngumu zaidi ya kazi, na majibu ya bei (maswali ya 8 hadi 11) yanapaswa kusomwa kwa uzito uleule wa majibu ya minara.

3. Intaneti hupita wapi hadi kufika kwenye simu yangu?

Sehemu kubwa huingia nchini kwa nyaya za faiba zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi. SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, ambazo gharama yake ilikuwa kubwa na uwezo wake mdogo. Kutoka pwani, mawasiliano husafiri kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani mtandao wa faiba wa serikali, na kwa faiba za kampuni binafsi hadi mikoani, na Mkongo huo huvuka mipaka kuhudumia majirani wasio na bahari kama Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Kutoka kwenye faiba, safari humalizika kwa mawimbi ya mnara.

Si kila kitu hupita baharini. Tangu mwaka 2004 Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, TIX, ambapo watoa huduma wa ndani hukutana moja kwa moja. Mtu wa Ubungo akifungua tovuti iliyohifadhiwa Kijitonyama, si lazima maombi yake yaende Ulaya na kurudi. Kadiri huduma nyingi zinavyohifadhiwa nchini, ndivyo gharama inavyopungua na kasi inavyoongezeka.

## Kufikisha mtandao vijijini

4. Kwa nini kampuni hazijengi minara kila kijiji, ilhali zinatangaza faida?

Gharama ya mnara haipungui kwa sababu wateja ni wachache. Nguzo, mitambo, ulinzi, barabara ya kufikia na nishati hugharimu karibu kiasi kilekile, na mara nyingi zaidi, porini kuliko Sinza. Mahali pasipo na gridi ya umeme mnara huendeshwa kwa jenereta la dizeli au sola, na mafuta ya kila mwezi yanaweza kuzidi mapato ya kijiji kizima. Kampuni inayopiga hesabu ya kibiashara pekee itaongeza mnara wa tano Kariakoo kabla ya kujenga wa kwanza katika kata ya mbali.

Udhibiti unaweza kupunguza ugumu huu kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni kuchangia minara: kampuni kama Helios Towers humiliki nguzo na kuzikodisha kwa watoa huduma kadhaa, hivyo gharama hugawanyika. Ya pili ni masafa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama ya megahezi 700, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri kuliko ya megahezi 3,500 yanayotumika mijini kwa 5G, kizazi cha tano cha teknolojia ya simu, kwa hiyo mnara mmoja wa masafa ya chini unaweza kuhudumia eneo pana. Mamlaka ilianza kuyauza kwa mnada ya megahezi 700 mwaka 2018. Ya tatu ni masharti: mwenye leseni hupewa masafa akiwa na wajibu wa kufikia maeneo fulani kwa muda fulani. Halotel, ilipoingia sokoni mwaka 2015, ilianza kwa msisitizo mkubwa wa vijijini, na ushindani wake uliwasukuma waliotangulia.

5. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ni nini, na fedha zake hutoka wapi?

Ni mfuko wa umma ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, unaojulikana pia kwa kifupi UCSAF. Hupata fedha kutokana na michango ya watoa huduma wenye leseni, inayokokotolewa kwa mapato yao, pamoja na fedha za serikali na washirika wa maendeleo. Mfuko hautoi huduma wenyewe. Hutangaza zabuni ya kata zisizo na mawasiliano, na kampuni hushindania ruzuku ya kujenga huko. Anayehitaji ruzuku ndogo zaidi kwa huduma inayokubalika ndiye mwenye nafasi nzuri.

Mfano mkubwa ni wa Mei 2023, pale mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 ilipotiwa saini Dodoma chini ya Mradi wa Tanzania ya Kidijitali, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ilipata minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Watu hulalamika kwamba ruzuku hizi ni kuwapa matajiri fedha za umma. Malalamiko hayo yana hoja pale ambapo mnara uliolipiwa hauwaki, na ndiyo maana tunashikilia kwamba malipo yafuate huduma iliyopimwa, yaani mnara unaofanya kazi mwezi hadi mwezi.

6. Kijiji chetu hakina mtandao kabisa. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa serikali ya kijiji na mtendaji wa kata, kisha diwani na halmashauri ya wilaya, ambayo ndiyo hupeleka mahitaji kwa Mfuko. Barua yenye manufaa hutaja majina ya vitongoji, idadi ya kaya, shule na zahanati zilizopo, umbali wa mahali pa karibu panaposhika mtandao, na kama umeme umefika. Mbunge anaweza kulisukuma jambo hilo, lakini taarifa sahihi ndiyo huifanya kata iingie kwenye orodha ya zabuni.

Kijiji kiandae pia suala la ardhi mapema. Mgogoro wa nani mmiliki wa kiwanja cha mnara na nani atapokea kodi yake unaweza kuuchelewesha mradi ambao fedha zake tayari zipo.

7. Mnara umejengwa, tunapiga simu vizuri, lakini intaneti haifunguki. Tatizo ni nini?

Mara nyingi mnara huo hutoa 2G pekee, teknolojia iliyobuniwa kwa ajili ya sauti na ujumbe mfupi. Intaneti yake ni ya taratibu mno kwa matumizi ya leo. Wakati mwingine mnara una 4G, kizazi cha nne chenye kasi ya intaneti, lakini kiungo kinachouunganisha na Mkongo ni chembamba, au watumiaji ni wengi kuliko uwezo wake. Hali hii ya mwisho ndiyo inayowakuta wakazi wa Mbagala na Chanika saa za jioni, maeneo ambayo idadi ya watu imekua kwa kasi kuliko minara.

Mradi uliotajwa katika swali la 5 una sehemu ya kuongezea uwezo minara ya zamani. Mtumiaji naye ahakikishe kwamba simu na laini yake vinapokea 4G, kwa kuwa laini za zamani huhitaji kubadilishwa. Ikiwa vyote viko sawa, fuata utaratibu wa malalamiko katika swali la 13.

## Bei, bando na simu

8. Bei ya bando hupangwa na nani, na kwa nini ni ghali?

Hupangwa na kampuni, ndani ya mipaka ya Mamlaka. Kwa intaneti, kiwango elekezi kilichowekwa kutokana na tathmini ya gharama kilikuwa kati ya Shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa kiwango cha chini, GB moja hufikia takriban Shilingi 2,080. Mwananchi hushangaa kusikia kwamba mdhibiti huweka pia bei ya chini. Sababu inayotolewa ni kuzuia kampuni kubwa isiuze kwa hasara hadi wadogo wafe, kisha ipandishe bei ikiwa peke yake. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini mlaji anastahili kuoneshwa hesabu zinazoithibitisha kila mara viwango vinapopitiwa upya.

Kodi nayo ina uzito. Mwaka 2024 huduma za mawasiliano zilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na juu ya jumla hiyo iliongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Kwa viwango hivyo, katika kila Shilingi 1,000 aliyolipa mteja, takriban Shilingi 276 zilikuwa kodi, kabla kampuni haijalipa kodi zake nyingine. Muuza samaki wa Feri anayenunua bando la siku na mkurugenzi wa Masaki anayenunua la mwezi hutozwa kwa kiwango kilekile.

Kipimo kinachokubalika kimataifa, kilichowekwa mwaka 2018 na Tume ya Broadbendi ya Umoja wa Mataifa, ni kwamba huduma ya msingi ya intaneti isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Wastani huo huficha wengi: familia yenye kipato cha nusu ya wastani hutumia asilimia mara mbili kwa bando lilelile.

9. Zamani tulimiliki laini tatu ili kukwepa gharama ya kupiga mtandao mwingine. Kilibadilika nini?

Kilichobadilika ni ada ya maingiliano, yaani fedha ambayo mtandao wa mpigaji huulipa mtandao wa mpigiwa. Mamlaka iliishusha kwa hatua, kutoka Shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi Shilingi 2.00 mwaka 2022. Ada ilipokuwa juu, kampuni kubwa zilinufaika kwa kuwafungia wateja ndani. Iliposhuka, bando za mitandao yote ziliwezekana. Huu ni mfano bora wa udhibiti wa kimyakimya unaomfikia kila mtu bila kujenga chochote.

10. Bando langu huisha kabla sijalitumia. Nina haki gani?

Kanuni za vifurushi zilizotolewa mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma akujulishe matumizi yanapofikia asilimia 75 na 100, na asikukate salio la kawaida kwa intaneti baada ya bando kuisha bila ridhaa yako. Utekelezaji wa kanuni hizo haukuanza vizuri. Mwanzoni mwa Aprili 2021 kampuni zilitoa bei mpya, wananchi wakapaza sauti, na serikali ikaagiza bei hizo zisitishwe.

Kabla ya kulalamika, kagua simu yenyewe. Programu zinazojisasisha, video zinazojicheza na picha za makundi ya WhatsApp zinazojipakua hula bando bila mwenye simu kujua. Ikiwa umezizima na matumizi bado hayaeleweki, omba taarifa ya matumizi kwa mtoa huduma, uihifadhi, kisha nenda swali la 13.

11. Kwa nini bei ya simu janja ihesabiwe kuwa suala la udhibiti?

Kwa sababu mwenye kitochi yuko nje ya 4G hata akiishi chini ya mnara. Mwaka 2021 serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, lakini msamaha huo ukafutwa mwaka uliofuata. Mwaka mmoja ni muda mfupi mno kwa punguzo kupita kwa waagizaji, maduka ya Mtaa wa Aggrey na mawakala hadi kumfikia mnunuzi wa Namtumbo, na tunaamini uamuzi wa kuufuta ulikuja kabla ya matokeo kupimwa ipasavyo.

Wanunuzi wa Kariakoo wakumbuke kwamba simu zenye namba tambulishi bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na ukaguzi unaendelea. Bonyeza *#06# uone namba hiyo, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kabla ya kulipa.

## Laini, malalamiko na kuhama

12. Kwa nini laini husajiliwa kwa alama za vidole, na nifanyeje nikihisi kuna laini nyingine kwa jina langu?

Usajili huo ulianza mwaka 2019 ukiunganishwa na namba ya kitambulisho cha Taifa ya NIDA, na laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020. Lengo ni kupunguza utapeli. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA; ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika iondolewe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Wapo waliobaki nje kwa sababu hawakuwa na namba ya NIDA, na wapo wazee na wakulima ambao alama zao zimefifia kwa kazi. Hao wajaribiwe vidole vyote, na ikishindikana waelekezwe ofisi ya NIDA. Kumsajilia mzee laini kwa kidole cha mjukuu kunaonekana ni msaada, lakini laini hiyo na fedha zilizomo kisheria ni za mjukuu. Taarifa zinazokusanywa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, chini ya tume yake.

13. Nimelalamika na sijasikilizwa. Hatua zinazofuata ni zipi?

Anza kwa mtoa huduma na upate namba ya lalamiko, kwani bila namba hiyo huna ushahidi. Usipopata suluhisho, peleka lalamiko kwa maandishi TCRA pamoja na tarehe, namba ya lalamiko na nakala za ujumbe. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo huwakilisha walaji na husaidia kuandaa malalamiko.

14. Naweza kuhamia mtandao mwingine na namba yangu?

Ndiyo, tangu Machi 2017. Toa kwanza fedha zilizomo kwenye akaunti ya simu na tumia salio, kwani havihami pamoja na namba.

## Hali za pekee

15. Mwaka 2024 intaneti ilidorora karibu nchi nzima. Kwa nini mkongo mmoja uangushe wote?

Haukuwa mmoja. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaathirika hadi mawasiliano yalipogeuziwa njia nyingine. Nyaya mbili zinazopita njia moja hukabili hatari moja. Kinga ni njia zilizotofautiana kweli, ikiwamo kupita nchi kavu kupitia majirani, pamoja na maudhui kuhifadhiwa ndani (swali la 3).

16. Je, serikali inaweza kuzima intaneti au kuzuia mitandao ya kijamii?

Imewahi kutokea. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kuhusu VPN, yaani programu zinazoficha njia ya mawasiliano ya mtumiaji na hutumika kukwepa mazuio, Oktoba 2023 Mamlaka ilitoa tangazo la kuwataka wanaozitumia kuzisajili.

Msimamo wetu ni wazi: nchi iliyohamishia malipo, tiketi na mawasiliano ya hospitali kwenye mtandao haiwezi kuuzima bila kuwaumiza wasiohusika. Mgonjwa anayesubiri ndugu amtumie fedha ya dawa hana sehemu katika mgogoro wa kisiasa. Zuio lolote linapaswa kuwa na amri iliyoandikwa, muda unaojulikana na chombo huru cha kulipitia.

17. Nikinunua sahani ya Starlink Kenya, naweza kuitumia Tanzania?

Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilianza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, lakini leseni ya nchi moja haivuki mpaka. Kampuni ya setilaiti huhitaji leseni ya Tanzania, na kifaa chenyewe huhitaji idhini ya TCRA. Kukitumia bila hayo ni kosa, na ukidhulumiwa hutakuwa na pa kulalamika.

18. Nina faiba nyumbani Kinyerezi. Naweza kuwauzia majirani Wi-Fi?

Kuuza huduma ya intaneti kwa umma huhitaji leseni, na mkataba wa nyumbani kwa kawaida hukataza kuiuza tena. Mwenye nia ya biashara aingie makubaliano na mtoa huduma mwenye leseni au aombe leseni ya huduma tumizi. Tungependa kuona leseni nyepesi ya kiwango cha mtaa, yenye ada ndogo, kwani vijana wanaofanya kazi hii kwa siri wanawafikia watu ambao kampuni kubwa hazijawafikia.

19. Kanuni hizi zinatumika pia Zanzibar?

Kwa simu na intaneti ndiyo, kwa kuwa mawasiliano ni jambo la Muungano na TCRA ina ofisi huko. Redio na televisheni za Zanzibar husimamiwa na Tume ya Utangazaji Zanzibar, kwa hiyo malalamiko kuhusu vipindi vyake yapelekwe huko.